Kicheko na Haki za Marehemu: Nyimbo za Utani za Mtwara na Mlango wa Ruvuma

Miongoni mwa maswali yanayohusu haki ambazo marehemu wanazo juu ya walio hai, lipo moja ambalo wanadini na wanafalsafa wamelijadili kwa uchache kuliko linavyostahili, nalo ni iwapo kumcheka mtu aliyekufa ni kumkumbuka au ni kumvunjia heshima. Katika vijiji vya Mtwara, tangu Mikindani na Msanga Mkuu hadi Msimbati, Kilambo na Mahurunga, karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini, swali hili si la vitabuni tu. Ngoma zinazochezwa huko wakati wa arusi, au wakati wa kuwatoa wali, yaani vijana waliokuwa jandoni na unyagoni, zina nyimbo nyingi za kuchekesha, na anayechekwa humo mara nyingi si mtu wa kubuni bali ni jamaa wa ukoo anayejulikana kwa jina: babu aliyesifika kwa ubahili wa samaki wake, bibi aliyegombana na kila mpita njia aliyekanyaga uwanja wake, shemeji aliyejigamba kwamba ni baharia hodari na kumbe hajui kuogelea. Wengi wa watu hawa wamekwisha kufa, lakini ukoo unaendelea kuwacheka, na watoto ambao hawakuwahi kuwaona wanawacheka pamoja na wakubwa.

Haki ya kucheka namna hii si ya kila mtu, bali hutolewa na utani, ambao ni uhusiano wa kijamii unaomruhusu mtu, na wakati mwingine unaomlazimu, kumdhihaki mwenzake bila mwenzake kuwa na haki ya kukasirika. Mtafiti R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliuweka mwaka 1940 katika nadharia yake ya jumla kuhusu jamaa wanaotaniana, akieleza kwamba dhihaka hiyo hulinda uhusiano ambao ungeweza kuvunjika kwa uhasama. Upo utani wa makabila na upo utani wa ukoo, na huu wa pili ndio unaohusu zaidi kumbukumbu za familia. Mjukuu hutaniana na babu na bibi yake, binamu hutaniana na binamu, na shemeji hutaniana na shemeji, lakini mtoto hamtanii baba yake, na miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hamtanii pia mjomba wake, kwa kuwa mjomba ndiye mwenye mamlaka juu yake.

Mpangilio huu una matokeo ambayo hayakuzingatiwa vya kutosha. Baba aliyefungwa na heshima hawezi kumsimulia mwanawe visa vya aibu vya baba yake mwenyewe, hata kama anavikumbuka vyote na hata kama ndivyo vilivyomfanya mzee yule awe yeye na si mtu mwingine. Kama kumbukumbu ya ukoo ingetegemea heshima peke yake, visa hivyo vingekufa katika kizazi kimoja. Mjukuu, ambaye utani umemwondolea kizuizi hicho, huviimba hadharani mbele ya baba yake, na baba hucheka bila kuwa amesema neno. Kumbukumbu, kwa hiyo, huruka kizazi kilichofungwa mdomo na kushikwa na kizazi kilicho huru, na chombo kinachoivusha ni wimbo wa kuchekesha.

Utani wa makabila unaonyesha jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa na chenye uchungu zaidi. Mwaka 1882 Wangoni, ambao kusini waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi na kuchukua mateka, na nchi nzima ya nyuma ya pwani ya Lindi na Mikindani iliishi kwa hofu ya uvamizi wa aina hiyo. Leo Wangoni na jamii kadhaa za kusini, wakiwamo Wayao, ni watani, na maneno ya kutekana na kununuana yanayorushwa baina yao kwa vicheko ni mabaki ya vita vya kweli. Haifai kusema kwamba uchungu umesahauliwa, kwa maana mtu hawezi kutania juu ya jambo asilolijua. Lililo kweli ni kwamba umehifadhiwa katika hali ambayo wajukuu wa mateka na wajukuu wa watekaji wanaweza kuushika pamoja bila kupigana tena.

Mahali ambapo swali la dini hujitokeza kwa ukali zaidi ni msibani. Watani hufika kwenye matanga wakaigiza mwendo wa marehemu, wakaiga sauti yake, wakataja madeni yake na vyakula alivyovipenda kupita kiasi, na pengine wakazuia maziko yasiendelee mpaka wapewe chochote. Katika pwani ya Mtwara, ambako wakazi wengi ni Waislamu, wapo wanaolipinga jambo hili kwa hoja yenye nguvu, kwamba kusengenya ni haramu, kwamba marehemu hana tena uwezo wa kujitetea, na kwamba anachohitaji ni dua na si dhihaka. Hoja hii haipaswi kupuuzwa na yeyote anayeipenda ngoma, kwa kuwa inamtetea mtu asiye na sauti.

Hata hivyo, mapokeo ya Kiislamu yenyewe hayakufunga mlango wa mzaha. Mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya kitabu chake cha Ihya inayozungumzia maovu ya ulimi, anaonya juu ya mzaha uliokithiri, unaoumiza au unaochanganyika na uongo, lakini anakubali kwamba Mtume mwenyewe alifanya mzaha na kwamba hakusema ndani yake ila kweli. Kisa kinachojulikana sana ni kile cha bibi kizee aliyeambiwa kwamba wazee hawaingii Peponi, akahuzunika, kisha akaelezwa kwamba waingiao huko hurudishiwa ujana kwanza. Mzaha huo una sifa mbili zinazofaa kutumiwa kama mizani: ni wa kweli, na unamwacha mwenye kutaniwa akiwa amepata zaidi ya alichokuwa nacho. Wimbo wa utani unaomsingizia marehemu wizi ambao hakuufanya umeshindwa kwa mizani hiyo, na hakuna mila inayoweza kuutetea. Wimbo unaosema kwamba alikuwa akiwahesabu kuku wake kila jioni kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, ilhali kila mtu anajua kwamba ndivyo alivyokuwa, na yeye mwenyewe alipokuwa hai aliucheka na kuujibu kwa wimbo wake, hauwezi kuitwa usengenyaji bila kulipotosha neno hilo.

Zaidi ya kuruhusiwa, kicheko cha namna hii kina kazi ambayo sifa haiwezi kuifanya. John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba aliyekufa hubaki katika kipindi alichokiita Sasa, akiwa mfu aliye hai, maadamu wapo watu waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina, na kwamba anapofariki mtu wa mwisho aliyemjua huzama katika Zamani, ambako hana tena sura yake binafsi. Maelezo haya yakikubaliwa, itafaa kuuliza ni maneno gani yanayomweka mtu katika Sasa kwa muda mrefu zaidi. Sifa za msibani huwafanya marehemu wote wafanane, kwa kuwa kila mmoja husemwa kuwa alikuwa mkarimu, mcha Mungu na mpenda watu, na baada ya miaka ishirini hakuna awezaye kusema sifa hizo zilikuwa za nani. Kuku waliohesabiwa kila jioni walikuwa wa mtu mmoja tu. Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba kichekesho huhitaji moyo unyamaze kwa muda, lakini dai hilo, hata kama linafaa kwa watazamaji wa tamthilia za Paris, halielezi matanga ya Msimbati, ambako anayecheka zaidi ni yule aliyempenda marehemu zaidi, na mara nyingi analia katika pumzi ileile.

Kuna sababu nyingine inayofanya kicheko kihifadhi kumbukumbu, nayo huenda ndiyo yenye uzito zaidi. Wimbo wa kuchekesha haujitoshelezi. Mtoto anayewasikia wakubwa wakicheka kwa neno asilolielewa huuliza wanacheka nini, na mkubwa aliyeulizwa hana budi kueleza huyo bibi alikuwa nani, aliishi wapi, aligombana na nani na kwa nini. Maombolezo hayamfanyi mtoto aulize, kwa maana sababu ya kulia inaonekana wazi. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka kusini kuanzia Lindi mpaka Masasi na Newala akiwa na fonografu, na kunasa nyimbo za watu wa huko kwenye silinda za nta. Silinda zinaweza kuhifadhi sauti na mapigo, hata maneno, lakini haziwezi kuhifadhi yule mkubwa anayemgeukia mtoto na kumweleza, na bila yeye utani ulioimbwa mwaka ule ni sauti tupu, hata kwa Mmakonde wa leo anayeelewa kila neno lake.

Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wamelifikisha wazo la kucheka pamoja na wafu mbali zaidi kwa mapiko, yaani ngoma ya vinyago ambavyo kimoja huitwa lipiko. Kwa mujibu wa siri inayofundishwa jandoni, ambaye hajapita huko huelezwa kwamba anayecheza si mtu bali ni mfu aliyerudi, ilhali wali hufunuliwa kwamba ndani ya kinyago yumo mtu wanayemjua. Mfu huyo harudi kutisha tu. Anaigiza mzee mwenye kiburi, mgonjwa, mwanamke, mgeni wa Kizungu au wa Kihindi, na watu hukimbia wakicheka. Hii ni taswira ya wazi ya wafu wanaokuja kuwatania walio hai, badala ya kuwahukumu.

Si wamisionari wote walioziona ngoma na nyimbo hizi hivyo. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alifanya jambo la ujasiri kwa wakati wake alipolikubali jando ndani ya Kanisa na kulipa sala za Kikristo, lakini pamoja na hilo mambo yaliyohesabiwa kuwa machafu yaliondolewa, zikiwamo nyimbo. Sehemu ya uamuzi huo ina haki yake. Zipo nyimbo za jando na za ngoma ambazo kicheko chake chote kimejengwa juu ya kumfedhehesha mwanamke asiyezaa au mtu mwenye kilema, na hao hawakuwa watani wa mwimbaji wala hawakupewa nafasi ya kumjibu. Kosa lilikuwa katika kutotenganisha, kwa sababu pamoja na nyimbo za kufedhehesha walifukuzwa pia mababu wengi waliokuwa wakiishi ndani ya nyimbo za utani, ambao sala hazikuwa na mahali pa kuwaweka.

Katika nyumba nyingi za Mtwara siku ya arobaini baada ya kifo, kisomo cha dua hufanyika barazani na utani hufanyika uani karibu na vyungu, na wenye nyumba hawaoni haja ya kuchagua kimoja. Dua humkabidhi marehemu kwa Mola wake, ambaye anamjua bila kuhitaji kukumbushwa. Wajukuu ndio wanaohitaji kukumbushwa, na leo, wakati ngoma zinarekodiwa kwa simu na kutumwa Dar es Salaam na Pemba ya Msumbiji kwa dakika moja, anayerekodi hufanya vyema akiiacha simu iendelee baada ya wimbo kwisha, mpaka mtoto mmoja aulize wanacheka nini, na bibi aanze kujibu.