Mwiba wa Mtume Paulo na Haki ya Mgonjwa

Mtume Mtakatifu Paulo alikuwa na taabu isiyomwacha. Katika barua yake ya pili kwa Wakorinto aiita mwiba mwilini mwake. Mara 3 alimsihi Bwana amwondolee. Hakuondolewa, bali alipewa neema ya kuuchukua.

Lakini Paulo huyo huyo hakuitupa haki yake. Walipotaka kumpiga mijeledi kule Yeruzalemu, alisema wazi kwamba yeye ni raia wa Roma. Na alipoona kule Kaisaria kwamba hatapata hukumu ya haki, alikata rufani kwa Kaisari. Basi kuvumilia mateso na kudai haki hakupingani. Mtakatifu mmoja aliyafanya yote mawili.

Na afikiriwe fundi mwashi wa Mubambiro, kwenye barabara ya Goma kwenda Sake. Miaka mingi alipasua mawe meusi ya volkano kwa mshahara wa kampuni. Siku moja akaanguka kazini. Mifupa iliunga, maumivu ya mgongo yakabaki. Asubuhi asalimia watu kwa uchangamfu. Adhuhuri hawezi kuinama achukue ndoo. Kidonda hakionekani, kwa hiyo majirani wasema: “Mvivu huyo.” Naye aona haya kwenda kuomba malipo ya ulemavu, asije akaitwa ombaomba.

Enyi wakatekumeni, shikeni mambo matatu.

Kwanza, malipo hayo si sadaka. Nchini Kongo, mfuko wa CNSS, ulioanzishwa mwaka 1961 kwa jina la INSS, ni wa wafanyakazi wa mshahara. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 yataja ajali na magonjwa ya kazi, na pensheni ya asiyeweza tena kazi. Mfanyakazi hukatwa 5 katika kila 100 za mshahara wake, na mwajiri hutoa sehemu yake. Naye Papa Yohane XXIII, katika barua Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba mtu aliyelemazwa na kazi yake ana haki ya kutunzwa.

Pili, ukweli. Mwombaji asiongeze maumivu, wala asiyafiche. Wengi wakiulizwa hali hujibu “nzuri” kwa adabu. Mbele ya daktari adabu hiyo hugeuka kuwa uongo. Amweleze usiku asiolala, mwendo anaouweza, na kazi iliyomshinda. Atunze cheti cha daktari, karatasi za mshahara na nakala ya kila barua. Mapigano ya Januari 2025 yalipofika Sake na Goma, kazi za ofisi nyingi zilivurugika, na watu wengi walikimbia mikono mitupu. Kwa hiyo karatasi zifungwe katika mfuko wa plastiki, zipate kukimbia pamoja na mwenyewe.

Tatu, upendo wa jirani. Kule Kafarnaumu watu 4 walimchukua mgonjwa wa kupooza. Walipokosa njia mlangoni, walifungua dari wakamshusha mbele ya Yezu. Vivyo hivyo asiyejua kuandika aandikiwe barua na mwalimu, na asiyeweza kwenda peke yake asindikizwe mpaka ofisini. Mkulima ambaye hakupata mshahara kamwe hamo katika hesabu ya CNSS. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 yalinda haki za walemavu wote. Lakini mara nyingi mkono wa kwanza kumfikia ni wa shirika la Wakristo wa kijijini. Shirika na limlimie shamba bila kungoja aombe.

Swali: Je, mgonjwa anayedai haki yake amekosa uvumilivu?
Jibu: Hapana. Auchukua mwiba wake kwa imani, na adai kilicho chake kwa ukweli.

Swali: Anayemwita mgonjwa mvivu pasipo kujua hali yake avunja amri gani?
Jibu: Avunja amri ya nane, kwani amshuhudia mwenzake uongo.

Kusudi la juma hili: Kila mkatekumeni amtembelee mgonjwa mmoja ambaye maumivu yake hayaonekani, amsikilize mpaka mwisho, na amwulize: “Kuna barua ya kupeleka?”