Kitanda cha Aliyejidhuru

Mtu aliyemeza vidonge vingi vya presha kwa kusudi, tuseme amlodipini, ana haki gani ya kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi wakati kitanda hicho hicho kinamfaa mwenye nimonia ambaye hakutaka kuugua? Wengi hujibu moyoni kabla ya kuulizwa: aliyejitakia asubiri. Jibu hilo linapingwa na mwili wenyewe. Dawa hulegeza mishipa, presha huporomoka, figo zikadhurika kwa kukosa damu ya kutosha. Kalisiamu, insulini ya kipimo kikubwa pamoja na glukosi, na noradrenalini hutegemeza mzunguko wa damu huku mwili ukiimaliza sumu polepole. Hata mashine ya kusafisha damu haiwezi kuitoa amlodipini, maana imeng'ang'ania protini za damu; mashine hushika zamu ya figo mpaka zizinduke, na mara nyingi huzinduka. Tiba yote hii, basi, humpa mgonjwa muda. Na muda ndio aliokuwa ameishiwa: tafiti zilizofuatilia walionusurika baada ya kujaribu kujiua zinaonyesha kwamba walio wengi hawafi baadaye kwa mikono yao.

Uhaba upo, sikatai, na mmoja anaweza kukosa. Lakini uhaba huuliza nani atafaidika, hauulizi nani wa kulaumiwa. Dereva wa bodaboda asiyevaa kofia hatumwachi mlangoni. Tena daktari wa zamu mara nyingi hajui kama ni kusudi: wazee husahau wakarudia dozi, watoto hudhani ni peremende. Wenye dini huita uhai amana ya Mungu, na wengine hapo hapo humhukumu aliyejidhuru. Ajabu, kwani amana ni ya aliyeiweka. Mtunzaji mmoja akiitupa, anayeiokota hapati ruhusa ya kuitupa tena.

Pingamizi zito ni la uhuru: huenda aliamua kwa utulivu, baada ya miaka ya kutafakari. Huenda. Ila ubongo usiopata damu ya kutosha hauhojiki, na kosa la kumtibu litajadiliwa naye akizinduka. Kosa la kumwacha halina wa kujadiliana naye. Sheria inayomwita mhalifu huzidisha madhara, kwa kuwa ndugu wanaoogopa polisi huchelewa kumfikisha hospitali. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachofanana nacho, kinastahili kupimwa kwa hoja hizo hizo.