Msiifanyie Mikono Yenu Butura

Wajukuu zangu wa Bugene, nanyi wa Kayanga, Omurushaka na kule Kyerwa,

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wapo vijana wanaotoweka hapa kwetu. Hawajasafiri, wako ndani. Mchana hawaendi kuchota maji, kanisani na msikitini hawaonekani, na mama akiulizwa husema mtoto anaumwa. Miezi ikipita, wa kiume anatokea kijiweni na wa kike anatokea akiwa na mimba au kapu la ndizi za kuuza barabarani, na wote wawili wameshajihukumu kwamba hawafai. Hukumu hiyo inaniuma kuliko matokeo yenyewe. Baraza la mitihani lilipima masomo. Hakuna aliyelituma lipime utu wenu.

Nina neno moja la kuwaambia, nami nitalizunguka kidogo, mnivumilie kama wazee wanavyovumiliwa.

Nyote mnaijua butura. Mkulima anabanwa na ada au ugonjwa, anauza kahawa ingali maua mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Msimu ukifika, anachuma katika shamba lake mwenyewe mali iliyokwisha kuwa ya mtu mwingine. Serikali imeipiga vita miaka mingi, na bado ipo, kwa kuwa shida haingoji msimu. Sasa nawaona nanyi mnaifanyia mikono yenu butura. Binti anaingia darasa la ushonaji, anajua kupiga mshono ulionyooka, hajajua kukata suruali. Anasikia kuna kibarua cha kuchambua maharage, anaacha. Kijana anakaa kwa fundi wa kuchomelea, anajifunza kushika mashine, hajajua kupima geti. Anapata pikipiki ya mkataba, anaondoka. Baada ya mwaka mmoja pikipiki imerudi kwa mwenyewe, na geti bado hajui kulipima. Ujuzi wa nusu huuzwa kwa bei ya anayenunua.

Siwalaumu kwa njaa. Najua siku ambayo chumvi haipo nyumbani haikumbuki cheti cha mwakani. Ndiyo maana siwaambii tu mkajifunze kazi. Nawaambia mkajifunze mkiwa wengi. Aliye peke yake huuza mapema, kwa sababu hana wa kumshika siku ile mbaya. Aliye ndani ya kikundi cha kuweka na kukopa ana sanduku la kukimbilia. Mama zenu wanajua hili. Hisa ya kila wiki, faini ya aliyechelewa, mfuko wa jamii wa kumsaidia aliyefiwa au kulazwa, kugawana mwisho wa mwaka: hizo zimewasomesha wengi wenu kabla hamjajua fedha zilitoka wapi. Lakini vijana nawaona mkidhani vikundi ni vya akina mama na vya kuzikana. Anzisheni vyenu. Kijana anayekopa elfu ishirini kwa wenzake ili amalize mwezi chuoni hahitaji kukimbilia kibarua cha kubeba mizigo Omurushaka.

Hata halmashauri hutazama kikundi. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani imetengwa kwa sheria: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorudi, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Hilo la vikundi hewa lisemeni kwa sauti. Kikundi kilichoundwa wiki ya mkopo hufa wiki ya mgawo, na kinaowazibia njia ni wadogo zenu. Kaeni pamoja kwanza, fanyeni kazi pamoja, gombaneni mpatane, mjue nani anaaminika na ufunguo. Mkopo uwakute mkiwa watu wanaojuana.

Sasa kuhusu ajira yenyewe. Mnasubiri tangazo. Lakini angalieni ilivyokuwa barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene ilipojengwa, zile kilomita 59. Msimamizi anayetafuta mtu wa kufunga nondo hana muda wa kusoma barua za vijana; anamuuliza fundi aliye mbele yake, "Unamjua mwingine?" Na fundi anamtaja yule aliyewahi kufanya naye kazi, aliyefika saa kumi na mbili asubuhi bila kuitwa. Kazi nyingi za wilaya zetu huenda kwa njia hiyo, kuanzia kupiga lipu darasa la shule mpaka kujenga tangi la maji ya mvua. Basi darasa la ufundi linakupa vitu viwili: kazi ya mikono, na watu walioiona mikono yako. Anayejifunza akiwa amejifungia, hata akiweza, atatajwa na nani?

Tena Karagwe hii imekuwa na watu wa kufundishana muda mrefu. Mwaka 1993 wakulima wa kawaida walikaa pamoja wakaanzisha shirika la Mavuno. Katika miaka hiyohiyo ya 1990, nyumba nyingi zikiwa bado zinamulikwa kwa kibatari, shirika la KARADEA lilikuwa likifundisha mafundi wa umeme wa jua hapahapa Karagwe, sehemu ambayo wengi waliiona kuwa mwisho wa dunia. Redio ya jamii ya Fadeco ilipokuja, mkulima alisikia bei na magonjwa ya migomba kutoka kwa watu wa wilayani mwake. Hawa wote hawakungoja kuletewa.

Mabinti, nanyi nina lenu. Mkoa wetu wa Kagera una historia kubwa ya chuma. Ng'ombe na nyundo za chuma za wafalme wa Karagwe pale Bweranyange zinajulikana na wasomi wa dunia, na kule Buhaya, mtafiti Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha mwaka 1978 jinsi wazee wa Kihaya walivyowaonyesha namna babu zao walivyoyeyusha chuma. Wazee wale walikuwa hawajawasha tanuru kwa miongo mingi, maana majembe ya kigeni yalishaiua kazi ile. Iliwabidi wakumbushane: huyu anajua udongo, yule anajua mkaa, mwingine mivuo. Kila nikiwaza habari ile naona jinsi ujuzi wa ukoo mzima ulivyobaki vichwani mwa wazee wachache. Na sisi wanawake hatukuruhusiwa hata kulisogelea tanuru. Leo binti akivaa miwani ya kuchomelea, hakuna mwiko unaomzuia isipokuwa maneno ya watu. Maneno hayo nimeyasikia miaka mingi, na sijaona yakimlisha mtu.

Na wewe uliyepata mtoto kabla ya wakati, usikae ukidhani mlango umefungwa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden, ambavyo leo ni 54 nchini. Kwa mkoa wetu kimojawapo ni Gera, kule Missenyi. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, vyuo hivyo vimewapokea wasichana waliokatisha shule, wakasoma na kujifunza ufundi, na watoto wao wakapata mahali pa kulelewa mama akiwa darasani. Mtu aliyefikiria jambo hilo la watoto aliijua shida. Msichana haachi masomo kwa sababu hayataki. Anaacha kwa sababu hakuna wa kumshikia mtoto. Bibi zao tuliobaki nyumbani tuna kazi hapo, na wanangu mnaosoma hili mnajua kwamba nawasema nanyi.

Nanyi mliojifunzia mtaani, gereji au kwa mjomba, bila karatasi: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima fundi wa namna hiyo, kumwonyesha mapengo yake na kumpa cheti. Usiione aibu kupimwa ukiwa na ndevu. Nimemwona mtu mzima aliyejenga nyumba nyingi hapa akishika cheti chake cha kwanza kwa mikono miwili. Tangu siku ile huongea na wakandarasi bila kuangalia chini.

Kujiamini kwenyewe hakuji kwa kuambiwa "jiamini". Kunakuja pale unaposoma taarifa ya fedha mbele ya wenzako, sauti ikitetemeka, nao wanaipokea. Kwa hiyo kikundi kikichagua viongozi, msiwape kila mara wale wasemaji. Mpeni ukatibu yule mkimya kwa miezi michache, na mzee mmoja akae karibu naye. Aliyekosea hesabu asahihishwe, asichekwe. Kikundi kinachochekana hubaki na wasemaji wawili tu.

Fanyeni hivi. Wiki hii nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, mmuulize mafunzo gani yanafunguliwa na lini. Akisema hajui, rudini wiki ijayo, mkiwa wengi zaidi. Ada ya kuanzia iongeeni na wazazi kabla kahawa haijauzwa, maana baada ya kuuzwa fedha ina wenyewe wengi. Halafu yupo yule mwenzenu aliyejifungia tangu matokeo yatoke. Mpitieni asubuhi mnapokwenda. Msianze na habari za cheti, na msimuulize alipata nini. Mwambieni mnakwenda, na mmemwekea nafasi.