Mikoko na Haki ya Mnyonge

Baadhi ya ndugu zetu wauliza: yafaa kumzuia maskini asikate mkoko, ilhali mti wenyewe haukupandwa na mtu?

Kuzuia si jambo geni katika dini. Mtume (S.A.W.) alihifadhi malisho ya Naqii, karibu na Madina, kwa farasi wa Waislamu. Lakini tazameni Sayyidna Umar alivyomwusia Hunayy, mlinzi wa malisho: mwenye wanyama wachache aachwe aingie, bali ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan, kwani hao, wangefiwa na wanyama, wana mashamba na mitende ya kurejea. Na hao ni masahaba wateule!

Sasa wataalamu wametuthibitishia kuwa samaki wachanga na kamba hulelewa mizizini mwa mikoko, na kwamba mkoko ukikatwa shina hauchipui kama mchu. Basi akataye hula na fungu la mvuvi. Hilo twalikubali. Ila mikoko ya Gazi, huko Kwale, ilifyekwa miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, si kwa jiko la mjane. Upanzi ulianza 1991, na tangu 2013 wenyeji hupata fedha za maji na shule kwa kuilinda miti hiyo, ihifadhiyo hewa ya ukaa.

Twaona mwenye boriti tatu za kuezekea hana hukumu moja na mfanyabiashara ajazaye jahazi, na azuiwaye hudai badala. Gazi wamepanda mivinje, watu wapate kuni na nguzo. Kwengineko twasikia marufuku tu.