Kipindi cha michezo kisiliwe

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za kuutoa mwili jasho kila siku. Takwimu zake za 2016, kutoka nchi 146, zilionyesha kuwa vijana 81 katika kila 100 hawafikii hapo. Nasi, mtihani wa darasa la saba ukikaribia, kipindi cha kwanza kuliwa na hisabati ni cha michezo. Mzazi atasema mtihani ndio unaoamua maisha. Namwelewa, lakini tafiti nyingi zimeonyesha kwamba muda wa michezo haushushi alama. Mwili uliochangamka husaidia akili kutulia.

Wengine watataja UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania. Ni mashindano mazuri, ila huchukua wenye mbio na vipaji, na mtoto mnene au mwenye haya hubaki kushangilia. Vifaa je? Mchezo wa rede hutaka mpira wa soksi kuukuu, chupa na mchanga tu: wawili wanarusha, wa katikati anakwepa, anainama, anajaza mchanga kwenye chupa, anaruka tena, kifua kinampanda na kushuka. Mwalimu, kipindi hicho kimo kwenye ratiba yako. Tafadhali, waachie watoto uwanja.