Deni la Mfuga Mbwa

Watu wengi hudhani kwamba wema ni tendo la siku moja. Mtu akimwokoa kiumbe aliyetupwa husifiwa papo hapo, kana kwamba kazi yake imekwisha. Tulipime wazo hilo, msomaji, na kipimo chetu kiwe mnyama asiyepewa heshima kubwa miongoni mwetu, yaani mbwa.

Mjini Nairobi kuna kituo cha chama cha kutetea na kutunza wanyama kijulikanacho kwa jina la KSPCA. Huko hupelekwa mbwa waliopotea, waliotupwa na walioteswa, na mtu mwenye nafasi aweza kumchukua mmoja akamfuge. Wengi wao ni chotara wasiojulikana asili. Tuseme mtu wa Ekerenyo afanyaye kazi mjini amemwona huko mbwa mkubwa wa namna hiyo, akamhurumia, akamleta nyumbani Nyamira. Je, ametenda wema?

Jirani atasema kwamba ametenda upuuzi. Mashamba yetu ni madogo, na kila kipande kina chai, ndizi au mahindi. Mbwa mkubwa hula sana, na wako watoto wasioshiba. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Amnyimaye mwanawe chakula ili ampe mbwa amekosa. Lakini hoja hiyo yatufundisha tu kwamba asiye na uwezo asimchukue mbwa; haitufundishi kwamba aliyemchukua hadaiwi kitu.

Kwa nini adaiwe? Mlinganishe mbwa na chui. Chui hatudai chakula, maana hakupata kututegemea. Mbwa ametokana na mbwa-mwitu, na binadamu ameishi naye kwa zaidi ya miaka 10,000, akimzoeza kuwinda, kulinda na kuchunga, hata akawa hawezi kuishi vema pasipo sisi. Unyonge wake ni kazi ya mikono yetu. Tena, amfungaye mbwa kwa mnyororo amemwondolea hata ile njia ndogo ya kujitafutia riziki. Hana budi kumtafutia yeye.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ya mwaka 1962, humtia hatiani amtesaye mnyama wake kwa njaa na amtelekezaye bila sababu. Sheria hiyo ni njema, lakini haiingii katika kila boma usiku kutazama kama chombo cha mbwa kina maji. Pale isipofika, dhamiri ya mfugaji ndiyo hakimu.

Deni hili lawahusu majirani pia. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kumtokea mtu, karibu kila mara huua. Lakini chanjo hukizuia. Mwaka 2014 Kenya ilijiwekea lengo la kukomesha, ifikapo 2030, vifo vya watu vitokanavyo na mbwa wenye ugonjwa huo, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Amchanjaye mbwa wake amemhifadhi mbwa, na amemhifadhi pia mtoto wa jirani apitaye njiani kwenda shuleni. Basi si kweli kwamba kumhurumia mnyama ni kumsahau binadamu.

Mbwa yule mkubwa atalinda boma kwa miaka michache, kisha atazeeka. Meno yatang'oka, macho yatafifia, na mwizi hatamwogopa tena. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama aliyemleta alikuwa na wema au alikuwa na tamaa ya mlinzi tu. Kwa hiyo, kijana, utakapotaka kumchukua kiumbe yeyote chini ya ulinzi wako, usijiulize kama unamhurumia leo. Jiulize kama utamlisha mwaka wa kumi, wakati hana faida kwako. Ukiweza kujibu ndiyo kwa moyo wa kweli, mchukue; usipoweza, mwachie mwenye uwezo, na huo nao ni wema.