Nchi ya Kubuni, Ukweli wa Kweli

Je, kutunga nchi isiyokuwako ni kusema uwongo? Mwaka 1951 kitabu cha Shaaban Robert, *Kusadikika*, kilituonyesha nchi nzima iliyo angani. Walakini twaisadiki. Kwa nini? Kwa sababu mle mna baraza na sheria, na wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema walirudi wakatiwa gerezani. Mahali ni pageni, lakini mioyo ni kama yetu. Sisi wa Kikula, katika mji wa Likasi, twajua ya kuwa jiwe huficha shaba. Mwongo huuzika ukweli usionekane. Mtunzi huuficha ili tuuchimbe. Basi, wapendwa wasomaji, tuwasimuliapo watoto wetu hadithi, mahali twaweza kupabuni. Mema na mabaya tusiyageuze.